Presi ya Moto: Tujue Kitambaa Mbele ya Kuwasha Mashini



Mu miji yetu, Goma, Bukavu, mpaka kule Lubumbashi, kuna vijana wanaopata chakula chao kwa mashini moja yenye mdomo kama wa mamba: sehemu ya chini imelala, ile ya juu inafunguka na kufungwa. Wanaiita presi. Triko za kwaya, vareze za timu, kofia za sikukuu, na zaidi sana triko za kilio zenye picha ya marehemu, zinapita mule. Wanafunzi wa seksio ya kushona wametuuliza: kwa nini triko moja inakaa na picha yake miaka, na ingine inaipoteza mu kufuliwa kwa kwanza tu? Tumeona vizuri kujibu hapa, sababu jibu linawagusa pia wale wa kemia na wa fizika.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: presi haichapi. Picha imekwisha kuchapwa mbele, juu ya karatasi au filamu, kwa wino wa kazi ile. Presi inaleta vitu vitatu tu: moto, wakati, na mkandamizo. Mtu atasema, hata pasi ya nyumbani inaleta moto. Kweli, lakini pasi ina moto mwingi upande mmoja na kidogo upande mwingine, ina matundu ya mvuke, na mkono unachoka. Sahani ya presi, mara nyingi sentimeta 38 kwa 38, inakanda mahali pote kwa mara moja na kwa moto ulio sawa. Ndiyo tofauti yote. Lakini hakuna moto unaoweza kulazimisha wino kukaa mu kitambaa kisichoupokea, na hapo njo franga za vijana wengi zinapotelea.

Tuanze na wino wa sublimasio. Wanafunzi wa kemia wanalijua neno: kitu kigumu kinageuka mvuke bila kupita kwanza mu hali ya maji. Iyodi iko mu kitabu. Naftalini tunayoweka mu sanduku la nguo tunaiona wenyewe, inapungua kila mwezi na hakuna hata tone linalobaki. Wino huu ni wa jamaa ile. Ukiuchapa juu ya karatasi, rangi inaonekana imekufa, hata mtu asiyezoea anafikiri mashini ya kuchapa imeharibika. Karatasi inalazwa juu ya nguo, inabanwa kwa degre 190 mpaka 205, segonde 45 mpaka 60. Rangi inageuka mvuke. Nyuzi za poliesta zinaanza kulegea tangu karibu degre 70 au 80. Kwa moto ule mkubwa zimekwisha kufunguka, na mvuke unaingia ndani yao. Nguo ikipoa, nyuzi zinajifunga, rangi inabaki mule kama mfungwa. Ukipitisha kidole juu ya picha hausikii kitu, kwa kuwa picha haiko juu ya nguo, iko ndani ya uzi. Inafuliwa na kufuliwa mpaka nguo yenyewe inazeeka.

Pamba haina mlango ule. Uzi wake haulegei kwa moto vile. Ukizidisha moto unageuka kahawia na kuungua. Mvuke unagusa juu juu, unaacha rangi hafifu, na sabuni inaiondoa. Nguo iliyochanganywa, nusu poliesta na nusu pamba, inashika kwa ile nusu tu, kwa hiyo picha inaonekana ya zamani tangu siku ya kwanza. Tena, wino wa sublimasio hauna rangi nyeupe: weupe unaouona mu picha ni weupe wa nguo. Juu ya triko nyeusi hakuna kitu kitakachoonekana. Juu ya triko ya manjano, buluu itakuwa kijani. Kwa hiyo sublimasio inataka mambo mawili pamoja, poliesta na rangi nyeupe au ya kufifia sana. Moja ikikosekana, tuache.

Kazi hii si ya zamani. Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walivumbua poliesta hii ya nguo mwaka 1941. Mwaka 1957, Mfaransa Noël de Plasse alivumbua namna ya kuhamisha rangi kwa mvuke. Babu zetu wa pamba na rafia hawangeweza kuifanya hata kama wangekuwa na presi kumi.

Sasa, mu soko letu, nani anajua triko imefanywa na nini? Nguo za balo zinafika na etiketi imekatwa, ama imeandikwa luga tusiyoisoma. Muuzaji atakuambia yote ni pamba nzuri, au yote ni poliesta nzuri, kufuatana na unachotafuta. Kuna jaribio la zamani ambalo washonaji wanalijua. Vuta uzi mmoja mu mshono wa ndani, uushike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani yenye maji, uuguse na moto. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha majivu laini ya kupukutika. Poliesta inajikunja na kukimbia moto, inayeyuka, na ikipoa inaacha kashanga kadogo kagumu. Ukipata majivu yenye vishanga ndani, ni mchanganyiko. Hii inafanywa inje, si mu chumba cha kulala wanafunzi, na kamwe si kwa nguo ambayo mtu ameivaa.

Kwa pamba na kwa nguo nyeusi kuna njia zingine. Vinili ni karatasi ya plastiki yenye gundi chini: inakatwa mu umbo la herufi au namba, sehemu zisizotakiwa zinang'olewa kwa mkono, kisha inabandikwa, nyingi kwa degre 150 mpaka 160, segonde 10 mpaka 15. Ni nzuri sana kwa majina na namba za vareze. Kwa picha ya uso haifai. Kwa uso kuna filamu ambayo imechapwa rangi, na juu ya rangi wino mweupe, halafu ikanyunyiziwa unga wa gundi na unga ukayeyushwa. Moto wake ni karibu na ule wa vinili. Hii inashika juu ya pamba, poliesta, nyeupe, nyeusi. Lakini inakaa juu ya nguo kama ngozi nyembamba, hewa haipiti vizuri, kwa hiyo picha kubwa ya filamu juu ya kifua cha mchezaji wa mupira ni mateso. Jaketi za nailoni tuziache kabisa: nyingi zinajikunja na moto, na nailoni ingine inayeyuka tangu degre 220. Namba hizi zote ni za kuanzia. Zile zilizoandikwa na mwenye kutengeneza filamu au karatasi njo zinatawala.

Namna ya kufanya, kwa ufupi. Picha ya sublimasio na herufi za vinili ya kawaida zinatayarishwa kinyume, kama mu kioo, ili zikigeuzwa zisomeke. Triko inalazwa bila mikunjo. Vifungo na mishono minene vinawekwa inje ya sahani, ama tunatia kamto chini, sababu kifungo kimoja kinainua sahani na pale pembeni mkandamizo unakosa. Tunabana nguo tupu segonde 5 ili maji ya hewa yatoke. Tunaondoa uchafu, hata unywele mmoja, maana chini ya moto ule utaacha alama. Kwa sublimasio tunatia karatasi safi ndani ya triko ili rangi isipite mpaka mugongoni. Halafu tunabana, tunahesabu, tunafungua kwa mara moja bila kutikisa. Karatasi ikiteleza wakati ingali moto, uso mmoja unakuwa nyuso mbili. Dirisha liwe wazi, na watoto wadogo wakae mbali.

Tuje kwa umeme, ile tunaita kura. Presi ya Wati 1400 kwa volti 220 inavuta ampere 6,4. Ukinzani wake ni 220 × 220 ÷ 1400, karibu omu 34,6. Kura ikishuka mpaka volti 160, kama tunavyoiona jioni, presi haipati tena Wati 1400, inapata 160 × 160 ÷ 34,6, ni kusema karibu Wati 740. Nusu! Mashini itafika degre 200, lakini polepole, na kila triko ya baridi itaiibia moto. Kwa hiyo jioni tusubiri namba irudi pale pake mbele ya kuweka triko ingine. Grupu ya Wati 1000 haiwezi kuibeba hata siku moja. Waya mwembamba wa kurefusha utapata moto kuliko sahani. Na kura ikikatika katikati ya kazi? Usifungue kwa haraka. Sahani ni nene, inashika moto kwa kitambo. Saa ya mashini imekufa, kwa hiyo hesabu kwa saa ya mkono mpaka mwisho, kisha ufungue. Kufungua na kurudisha karatasi ni kupata ile picha ya nyuso mbili.

Mfano unaofaa kufikiriwa ni ule wa kilio. Jamaa inafika saa kumi na moja ya jioni, mazishi ni kesho asubui. Wameleta triko nyeusi 30 za pamba na picha iliyo mu telefone. Kijana mwenye wino wa sublimasio tu, na anayehitaji franga, atajibu ndiyo. Kesho hakuna picha, na ile siku hairudiwi. Ajibu namna ingine: mama, kwa nyeusi hii nitatafuta filamu kwa mwenzangu, ama mniletee nyeupe za poliesta. Kama hakuna hata moja, aseme hapana mapema, wapate wakati wa kwenda kwa mwingine. Jina na miaka ya marehemu mtu wa jamaa aandike mwenyewe juu ya karatasi, kwa herufi kubwa. Picha ipimwe: yenye vitone 600 kwa upana, ukichapa vitone 100 kwa inchi, inatoa inchi 6, karibu sentimeta 15, ukiivuta mpaka 30 itakuwa ukungu. Na triko moja itangulie, jamaa waione, ndipo zile 29 zifuate.

Hesabu ya faida ifanywe vilevile. Tuseme kila triko inakubakishia franga 2 000, na triko tupu inanunuliwa 8 000. Kwa 30 unapata 60 000. Ukiharibu nne, unalipa 32 000, zinabaki 28 000, na bado hatujahesabu wino na kura.

Zoezi kwa kalasi ya tano na ya sita. Majibu yaletwe kwa mwalimu wa fizika au wa kushona. Moja: presi ya Wati 1800 kwa volti 220, inavuta ampere ngapi, na kwa volti 180 inabaki na Wati ngapi? Mbili: timu inaleta vareze 15 nyekundu za poliesta, inataka namba nyeupe, utatumia njia gani, na kwa nini sublimasio haiwezi? Tatu: uzi uliouchoma umeacha majivu laini yenye vishanga viwili. Mwenye triko anataka picha ya rangi nyingi. Utamwambia nini?