Mzigo wa Mtu na Pikipiki Yako



Neno magendo ni la Kiswahili, lakini hata Waganda wasiokisema Kiswahili walilizoea katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, kahawa ilipotoroshwa nje huku sukari, chumvi na sabuni zikiadimika madukani. Siku hizi, kwa upande wetu huu, kahawa hutoroshwa kuingia: ya wakulima wa Kagera, Tanzania, huvushwa kwa njia za panya, pengine baada ya kununuliwa ingali mtini kwa bei ya kutupa, biashara ambayo wenyeji huiita butura.

Somo letu, hata hivyo, halimhusu tajiri mwenye kahawa. Linamhusu anayembebea.

Tuseme kijana wa bodaboda, mkazi wa Juru, anaombwa jioni achukue magunia mawili karibu na mto Kagera na kuyafikisha Mbarara. Nauli ni mara tatu ya kawaida, mwenye mali hapandi naye, na anaagizwa akwepe kizuizi. Akikamatwa husema, "Afande, mimi nimetumwa tu." Jibu hilo halimwokoi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 200, haimshiki mwingizaji peke yake. Humshika pia anayekutwa na bidhaa, anayezihifadhi au kuzificha, ilhali alijua, au alipaswa kujua, kwamba ni marufuku au hazikulipiwa ushuru. Maneno "alipaswa kujua" yasomwe mara mbili. Nauli nono na njia ya kificho huzungumza zenyewe. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Pikipiki nayo yaweza kutaifishwa, na kama ilikopwa, deni halifutiki.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na humtaka atii sheria zote za Uganda kama mwenyeji.

Ni kweli kwamba wengi wana jamaa ng'ambo ya Kagera, na gunia la maharage kutoka kwa shemeji halionekani kuwa kosa. Wala si lazima liwe kosa. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti rahisi cha uasili, ambacho afisa wa forodha hukitoa pale pale mpakani. Mazao hukaguliwa, na mvukaji sharti awe na hati zake. Nafuu hiyo haihusu pombe ya viroba, ambayo Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2017 na Uganda mwaka 2019.

Anayepewa mzigo asioujua na aombe ufunguliwe mbele yake, aulize na karatasi za forodha. Mwenyewe akikataa, usipakiwe. Aliyekwisha kuupakia akaingiwa na shaka, aupeleke kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kufika kizuizini, akaandikishe maelezo yake.