SOMO: MASHINE KONGWE YA BOTI ISIPOWAKA
Utaratibu wa kutafuta kasoro kwa asiyekuwa fundi

Inafahamika kuwa visiwani kwetu bahari ndiyo barabara. Mwalimu avukaye kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, mhudumu wa afya aendaye Kojani au Kisiwa Panza, na mvuvi anayetafuta riziki ya watoto wake, wote huitegemea boti yenye mashine iliyopachikwa tezi. Baadhi ya mashine hizo ni kongwe, za mapigo mawili, na zimekwishapita katika mikono mingi. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtumishi au mwananchi aliyekabidhiwa mashine ya namna hiyo naye hajapata kuifungua.

Ni vyema ikaeleweka kwanza kwa nini kasoro itafutwe ufukweni. Mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa Kusi huzidi nguvu. Katika mlango wa bahari baina ya Pemba na bara kina ni kirefu mno, hata nanga ya boti ndogo haifiki chini. Chombo kilichozimikiwa na mashine mahali hapo hakisubiri fundi, huchukuliwa. Kwa hiyo mashine inayosumbua pwani isipelekwe baharini kwa matumaini kwamba itatengemaa njiani.

Ili mashine iwake inahitaji mambo matatu: petroli safi iliyochanganyika na hewa, cheche ya plagi, na mgandamizo ndani ya silinda. Ili iendelee kufanya kazi bila kuungua inahitaji la nne, nalo ni maji ya kuipoza. Kosa la anayeanza ni kuvuta kamba mpaka mkono uchoke, kisha kufungua kila kitu kwa pamoja. Afanyaye hivyo, hata mashine ikiwaka, hajui ilikuwa na ugonjwa gani. Kanuni ni kuanza na jepesi, kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuandika katika daftari kila kilichofanywa.

1. Kabla ya kushika spana
Hakikisheni kuwa petroli imo, tundu la hewa katika kifuniko cha tangi limefunguliwa, mpira wa mafuta umeshika vizuri pande zote mbili, gia haimo, na kamba ya usalama ya kuzimia mashine, kama ipo, imo mahali pake. Tundu la hewa likifungwa, mashine huwaka vizuri, huenda dakika chache, kisha huzimika kana kwamba imeishiwa mafuta. Wengi wameifungua kabureta bure kwa sababu ya kifuniko hicho.

2. Mafuta
Minyeni puto la mpira lililo katika njia ya mafuta. Likijaa na kuwa gumu, mafuta yanafika kwenye mashine. Lisipokuwa gumu, pana mahali hewa inaingia, au vali za puto zimechoka. Likijikunja lenyewe wakati mashine inafanya kazi, njia imeziba upande wa tangi.

Kisha mimineni petroli kidogo kutoka chini ya tangi katika chupa nyeupe, muiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajitenga chini na kuonekana kwa macho. Petroli yenye maji, au iliyokaa miezi mingi, isitumike.

Mashine hizi hulainishwa na oili inayochanganywa na petroli. Kipimo ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Penye kipimo cha 50 kwa 1, lita 10 za petroli huchanganywa na mililita 200 za oili. Penye 25 kwa 1, ni mililita 400. Oili ikizidi, plagi huchafuka na moshi huwa mwingi. Ikipungua, pistoni hukwama, na hasara yake haitengenezwi kwa spana.

3. Cheche
Fungueni plagi na muitazame. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki ndani ya silinda. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, na shaka iwe juu ya cheche au wingi wa mafuta. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, isafisheni au muibadilishe.

Ili kuijaribu, ondoeni kwanza mpira wa mafuta kwenye mashine, futeni petroli iliyomwagika, na wekeni sigara na moto wowote mbali. Ivisheni plagi waya wake, igusisheni kwenye chuma kitupu cha mashine, mbali na tundu ilimotoka, na muishike kwa koleo lenye mpini wa mpira. Msiishike kwa mkono. Kamba ikivutwa, cheche ya buluu na yenye nguvu ionekane. Ikiwa hafifu, ya rangi ya manjano, au haipo, jaribuni plagi mpya, kisha chunguzeni waya na swichi ya kuzimia. Chumvi na kutu katika viungo vya waya ni adui mkubwa wa mashine za pwani.

4. Kabureta
Ikiwa cheche ni nzuri na mafuta yanafika, lakini mashine hukubali kwenda pale tu choki inapovutwa, inapata mafuta machache, na mara nyingi vijitundu vya kabureta vimeziba. Visafishwe kwa petroli safi na upepo wa pampu. Msivichokoe kwa waya, kwani tundu likipanuka, kipimo kimeharibika.

5. Maji ya kupoza
Mashine isiwashwe nchi kavu bila maji, hata kwa kujaribu tu, maana impela ya mpira inayovuta maji huungua kwa muda mfupi sana. Sehemu yake ya chini itumbukizwe katika pipa la maji. Ikiwaka, tazameni kijito cha maji kinachorushwa nje. Kisipoonekana, zimeni mara moja, kwani tundu limeziba kwa mchanga au impela imekwisha.

6. Rafadha
Mashine ikinguruma na boti isisogee, huenda pini ya rafadha imekatika. Pini hiyo imewekwa ikatike ili gia zisalimike rafadha inapogonga mwamba. Kuweka msumari mgumu badala yake ni kuokoa kitu kidogo na kupoteza kikubwa.

Hatua zote zikifanyika na mashine isiwake, au kamba ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, yumkini mgandamizo umepungua. Hapo kazi ya anayeanza imekwisha, na mashine ipelekwe kwa fundi.

Wananchi na watumishi wanakumbushwa kuisuuza mashine kwa maji ya mvua au ya kisima kila inaporudi baharini. Vilevile, chombo kisiondoke bila plagi na pini za akiba, spana yake, makasia au tanga, nanga yenye kamba ya kutosha, na majaketi ya kuokolea kwa kila abiria. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la dharura.

Mwisho, nahodha anayeahirisha safari kwa sababu mashine haikumridhisha asilaumiwe na abiria wala na mkuu wake wa kazi. Safari ya leo inaweza kufanywa kesho. Abiria aliyepotea baharini hana kesho.