Kununua Nyumba Yenye Mpangaji: Nyumba ni Yako, Muda ni Wake

Somo la fiqhi ya miamala

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaosoma hapa Rubavu tunaishi kwenye mageto ya kupanga. Baada ya miaka michache, kwa idhini ya Allah, baadhi yetu tutakuwa upande wa pili, tukitafuta nyumba ya kununua. Somo la leo linawahusu wote wawili: anayenunua nyumba, na anayeamka asubuhi akaambiwa kwamba nyumba anayoishi imeshauzwa.

Sura ya mas-ala

Viwanja vingi vya Gisenyi vina nyumba mbili ndani ya ua mmoja: nyumba kubwa mbele na aneksi nyuma, au nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta, kila upande na mlango wake. Mwenye kiwanja amepangisha zote mbili. Sasa anauza, na mnunuzi anataka kuhamia upande mmoja na kuuacha wa pili uendelee kulipa pango. Ni mpango mzuri, kwa kuwa upande mmoja unamsitiri na mwingine unamsaidia kurudisha gharama.

Tuwape majina ya mifano waliyoyazoea wanafiqhi. Zaidi ananunua kiwanja cha Amri tarehe 1 Aprili, naye anataka kuishi nyumba kubwa. Mpangaji wa nyumba hiyo ana mkataba hadi tarehe 31 Desemba, analipa faranga 120,000 kwa mwezi, na ameshalipa hadi mwisho wa Juni. Wa aneksi analipa 60,000 mwezi kwa mwezi, bila karatasi. Komisyoneri anamwambia Zaidi: "Wewe lipa tu, wapangaji watatoka wenyewe." Je, ni kweli?

Nyumba na manfaa yake

Jibu linaanzia kwenye jambo moja: kitu na manfaa ya kitu vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Wanazuoni huita cha kwanza raqaba, yaani kitu chenyewe, na cha pili manfaa, yaani matumizi yake kwa muda maalumu. Amri alipopangisha nyumba hadi Desemba, aliuza matumizi ya miezi hiyo na kupokea bei yake. Anapoiuza nyumba Aprili, hawezi kuuza tena miezi ile ile, kwani haimo tena mkononi mwake.

Msingi wake uko kwenye aya ya kwanza ya Suratul Maida, ambamo Allah Anawaamrisha waumini watimize mikataba. Na mfano wake uko katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim: Jabir bin Abdillah (r.a.) alimuuzia Mtume (s.a.w.) ngamia wake safarini, akashurutisha kuendelea kumpanda hadi Madina. Ngamia alikuwa na mwenyewe mpya, na mgongo wake ukabaki kwa Jabir mpaka mwisho wa safari.

Kauli za madhehebu

Wamaliki, Mahambali, na Mashafii katika kauli yenye nguvu kwao, wanasema mauzo ni sahihi na ijara haivunjiki: mnunuzi anaimiliki nyumba, na mpangaji anakaa mpaka muda wake uishe. Wamaliki wameongeza kwamba muda uliobaki usiwe mrefu kiasi cha nyumba kubadilika hali. Mahanafi wanasema mauzo yanasimama, yakisubiri mpangaji aridhie au muda wake umalizike. Njia ni tofauti lakini kwa mpangaji wetu zinafika mahali pamoja: hakuna kauli kati ya hizi inayompa mnunuzi ruhusa ya kumtoa kwa sababu tu ya kununua.

Je, kama Amri alificha mkataba, na Zaidi akaujua baada ya kulipa? Mashafii na Mahambali wanampa Zaidi hiari: avumilie mpaka Desemba, au avunje mauzo na kurudishiwa fedha zake. Dai lake liko kwa muuzaji aliyeficha. Mpangaji hana kosa, wala hapaswi kulipia udanganyifu wa mtu mwingine.

Sheria ya nchi nayo inatilia mkazo ahadi. Sheria ya mikataba ya Rwanda ya mwaka 2011 inasema mkataba uliofungwa kihalali unawafunga waliouingia, na utekelezwe kwa nia njema.

Mpangaji wa mwezi kwa mwezi

Wengi wetu kwenye mageto hatuna mkataba wa mwaka. Mashafii hawaipi nguvu ijara ya "kila mwezi kiasi kadhaa" isiyotajwa mwisho, kwa kuwa muda wake haujulikani. Mahanafi na Mahambali wanaikubali, na kila mwezi unaoanza unawafunga wote wawili mpaka uishe. Kwa kauli hii, mpangaji wa aneksi aliyeingia mwezi wa Aprili ana Aprili yake kamili, pamoja na muda wa notisi kama walikubaliana. Zaidi akimtaka atoke, ampe taarifa mapema na kwa maandishi. Kukata maji au kubadilisha kufuli mtu akiwa kazini ni dhulma, na dhulma haihalalishwi na hati ya ardhi.

Na anayemhitaji mpangaji atoke kabla ya muda? Njia ipo, nayo ni maridhiano. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha nne mjini Jeddah mwaka 1988, lilipitisha kwamba mwenye nyumba anaweza kumlipa mpangaji fidia ili aache muda wake uliobaki. Muda ukishamalizika bila kufanywa upya, mpangaji hana haki ya kudai malipo ndipo atoke. Basi haki ina pande mbili: kabla ya tarehe, mwenye nyumba anaomba, na baada ya tarehe mpangaji anaondoka.

Pango lililolipwa na dhamana

Turudi kwa Zaidi. Pango la Aprili, Mei na Juni, jumla faranga 360,000, liko mfukoni mwa Amri. Ni la nani? Kwa Mashafii linabaki kwa muuzaji, maana yeye ndiye aliyeuza manfaa ya muda huo. Kwa Mahambali, pango kuanzia siku ya mauzo ni la mnunuzi. Penye hitilafu kama hii, kalamu huondoa ugomvi: wakubaliane kabla ya kutaja bei ya mwisho, na waandike. Wakikubaliana kwamba ni la Zaidi, bei ipunguzwe 360,000. Na kuanzia Julai mpangaji aambiwe, mbele ya wote wawili, nani anapokea fedha, asije akalipishwa mara mbili.

Dhamana ambayo mpangaji aliiweka alipoingia husahaulika mara nyingi. Ile ni haki ya mpangaji iliyo mikononi mwa muuzaji. Ama Amri amrudishie, ama amkabidhi Zaidi, na mpangaji apewe karatasi inayotaja kiasi na jina la aliyenayo. Bila hivyo, Desemba kila mmoja atamwelekeza kwa mwenzake.

Kutazama nyumba ya Rubavu

Ibn Majah amepokea kwamba si halali kwa Mwislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye aibu bila kumbainishia. Hapa kwetu aibu hizo zina historia. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua kuta na barabara za Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika, na katika maafa ya siku hizo zaidi ya watu 130 walifariki nchini. Rangi mpya huficha ufa na alama ya maji.

Muulizeni mpangaji. Yeye ndiye aliyelala ndani mvua ikinyesha, na anajua ukuta upi unalia na choo kipi kinajaa. Ulizeni ofisi ya ardhi ya sekta kama kiwanja kimo katika eneo la hatari au katika hifadhi ya mto au ya ziwa.

Tazameni pia vinavyotumiwa kwa pamoja. Je, kashpawa ni moja kwa nyumba zote mbili? Bili ya maji inagawanywaje? Geti ni moja, na nani anafunga usiku? Bomba la aneksi likipita chini ya nyumba kubwa, mtakuwa na jambo la kuzungumza kila mwezi.

Karatasi

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Rwanda imeturahisishia: kati ya 2009 na 2013 viwanja zaidi ya milioni 10 vilipimwa na kusajiliwa, na kila kimoja kina namba yake ya UPI. Kwa namba hiyo mnunuzi anahakiki jina la mwenye kiwanja, matumizi yaliyoruhusiwa, na kama kimewekwa rehani au kizuizi. Mambo matatu yaangaliwe:

1. Walioandikwa kwenye hati wote waridhie. Mume hauzi peke yake kilicho cha mume na mke, na ndugu mmoja hauzi urithi ambao haujagawanywa.

2. UPI moja ni kiwanja kimoja. Mkiwa wawili mnaotaka kununua, mmoja nyumba kubwa na mwingine aneksi, msidhani kila mmoja ana hati yake. Ninyi ni washirika katika hati moja, na kila mmoja asajiliwe pamoja na sehemu yake.

3. Uhamisho ukamilishwe mbele ya noteri wa ardhi. Makubaliano ya mkono mbele ya majirani hayabadilishi jina kwenye daftari la serikali.

Akishaanza kupokea pango, Zaidi ana wajibu wa ushuru. Chini ya sheria ya mwaka 2018, nusu ya pango la mwaka iliondolewa kama gharama za matunzo. Katika nusu iliyobaki, faranga 180,000 za kwanza hazikutozwa, zilizofuata hadi 1,000,000 zilitozwa asilimia 20, na za juu ya hapo asilimia 30. Aneksi ya 60,000 kwa mwezi inaingiza 720,000 kwa mwaka. Nusu yake ni 360,000. Kwa hesabu ya sheria hiyo, ukitoa 180,000 zinabaki 180,000, na asilimia 20 yake ni 36,000. Tamko hufanywa kabla ya mwisho wa Januari ya mwaka unaofuata. Zaidi azihesabu fedha hizo tangu mwanzo, asije akasema pango lote ni faida.

Fedha zitoke wapi?

Mkopo wa riba tunajua hukumu yake, na hatutairudia. Lakini angalieni kisa kimoja katika Sahih Bukhari, mlango wa shuf'a. Abu Rafi' (r.a.) alikuwa na nyumba mbili ndani ya ua wa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), Madina. Akamtaka Sa'd azinunue. Sa'd akasema hatatoa zaidi ya 4,000, kwa awamu. Abu Rafi' alikuwa ameshaahidiwa dinari 500 na mtu mwingine, bei iliyo kubwa zaidi. Akamuuzia Sa'd kwa bei yake, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake.

Kisa hiki kinafanana sana na ua zetu. Kina nyumba mbili ndani ya ua mmoja, malipo ya awamu yasiyo na riba, na muuzaji aliyemtazama kwanza yule anayeishi pale. Kwa hiyo anayeuza na ajiulize: je, mpangaji wangu ameulizwa kama anaweza kununua? Na asiye na fedha taslimu aombe awamu kwa bei moja inayojulikana na tarehe zinazojulikana, isiyoongezeka kwa kuchelewa.

Baada ya kuhamia

Zaidi akishaingia, mpangaji wa aneksi ni mtu wa mkataba na pia jirani wa ukuta mmoja. Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka akadhani atafanywa mrithi. Kuwa mwenye nyumba hakumpi Zaidi ruhusa ya kuingia aneksi bila hodi, wala kuhesabu wageni wa mpangaji. Na kuwa jirani mwema hakumfungi mdomo asidai pango lake tarehe ikifika. Aandike mkataba mpya, aseme waziwazi anachotaka, na akikosana naye waanze kwa suluhu kabla ya kufika kwa abunzi au mahakamani.

Na sisi wapangaji wa leo tujue haki yetu na mpaka wake. Tudai muda tuliolipia, tusidai zaidi. Tuombe risiti kila mwezi. Na tukiambiwa nyumba imeuzwa, swali la kwanza liwe: mkataba wetu umeandikwa kwenye makubaliano yenu?

Maswali ya halaqa

1. Mpangaji amelipa miezi sita mbele kwa mdomo tu, bila risiti. Nyumba imeuzwa na muuzaji anakana. Nani analeta ushahidi, na nani anaapa?

2. Mnunuzi alijua kuna mpangaji lakini hakuuliza mkataba wake unaisha lini. Je, bado ana hiari ya kuvunja mauzo?

3. Ndugu wawili wamenunua kiwanja kimoja chenye nyumba mbili. Baada ya mwaka mmoja anataka kuuza sehemu yake kwa mgeni. Mwenzake ana haki gani?

Allah Atujaalie riziki ya halali, nyumba zenye utulivu na majirani wema. Wallahu a'lam.