KIJANA AMWENDEE NANI?

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, na wengine wenu hata kwa ndoa, somo la leo lina maneno ambayo twaona haya kuyatamka. Lakini Mungu aliyeumba mwili wa mwanamume na wa mwanamke hakuona haya. Basi na sisi tuyaseme kwa heshima.

Zamani kijana mwenye shaka juu ya mwili wake alimwendea babu yake jioni kando ya moto, na msichana alimwendea shangazi au nyanya yake. Siku hizi wengi husoma mbali na kwao. Wanaulizana wao kwa wao njiani, ama wanatafuta katika simu, ama wanamwendea muuza vidonge sokoni, ambaye hapimi damu wala hamwulizi mtu neno. Kazi yake ni kuuza.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinijia baada ya mafundisho, akasema: «Mwalimu, nina kidonda mahali pa siri, lakini hakiniumi.» Nilimgombeza juu ya dhambi, nikamtuma kuungama. Akaenda. Kidonda kikakauka chenyewe, rafiki zake wakamwambia: «Umepona.» Akaoa. Mke wake akashika mimba, na mtoto akazaliwa mfu. Ndipo Sista wa dispanseri alipowapima damu wote wawili, akakuta kaswende. Kijana yule alikuwa amenijia mimi kwanza. Neno hilo linanisumbua hata leo.

Jifunzeni vema tabia ya ugonjwa huu. Kidonda chake cha kwanza hutokea yapata juma tatu baada ya kuambukizwa. Mara nyingi hakina maumivu, nacho hufunga baada ya juma chache, hata mtu asipotumia dawa yoyote. Lakini ugonjwa umebaki katika damu. Baada ya miaka mingi waweza kuharibu moyo, ubongo na macho; na mama mwenye mimba humwambukiza mtoto tumboni. Kwa hiyo muuza vidonge husifiwa bure: kidonda kingekauka hata kama mgonjwa angekunywa maji matupu. Dawa ya kweli ni sindano ya penisilini, nayo ni ya mume na mke pamoja, kwa sababu akitibiwa mmoja tu, mwenzake aweza kumwambukiza tena.

Swali: Je, Maungamo hayatoshi?
Jibu: Maungamo ni kwa ajili ya roho. Padri hawezi kuona kilichomo katika damu. Aliyevunjika mguu hupelekwa kwa mganga, wala hakuna amsemaye kuwa amepungukiwa na imani.

Swali: Je, mganga hatatangaza habari zangu?
Jibu: Sheria ya nchi yetu ya Kongo inamwadhibu mganga au mkunga anayefichua siri ya mgonjwa. Rafiki wa njiani hafungwi na sheria hiyo.

Swali: Na msichana aliyeshikwa kwa nguvu?
Jibu: Huyo hana kosa, asikaripiwe. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Ziko dawa za kuzuia Sida, lakini lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe kwa siku 28. Jamaa nyingi hupoteza siku hizo tatu katika baraza, wakihesabu mbuzi wa fidia! Huko Bukavu hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999, imetibu maelfu ya wanawake waliotendewa hivyo. Lakini aliye mbali asingojee safari ya Bukavu. Aanze na kituo kilicho karibu.

Swali: Nikishindwa kutaja ugonjwa wangu mbele ya Sista?
Jibu: Sema hivi tu: «Nataka kupimwa damu.» Yeye atafahamu, naye atafunga mlango kabla ya kukuuliza lolote.