Kiota na Mama ya Ndege: Somo juu ya Bonde la Okavango

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:6–7, 25:4, Ezekieli 34:18



Katika Torati iko amri ndogo ambayo wasomaji wengi huipita upesi. Mtu akikuta kiota cha ndege njiani, na mama amelalia mayai au makinda yake, ana ruhusa kuyachukua makinda. Lakini mama hana budi kumwacha aende zake. Kisha imeongezwa ahadi ya heri na ya siku nyingi. Fungueni sasa Kumbukumbu la Torati 5:16, nanyi mtaona ya kuwa ahadi hiyohiyo imefungwa na amri ya kuwaheshimu baba na mama. Je, si ajabu? Ndege mmoja wa porini amewekewa ahadi iliyo kubwa kama ile ya wazazi.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mungu hakumkataza mwenye njaa kula. Alimkataza kukiharibu chanzo cha chakula chake. Achukuaye makinda atakula leo, na mwaka ujao kiota kitajaa tena. Achukuaye na mama atakula mara moja tu, na mwanawe atakuta kiota kitupu.

Mwezi huu tujifunze neno hili kwa kuitazama nchi moja ya mbali, ambako watu wanajitahidi kuishi kwa makinda na kumwacha mama. Nchi hiyo ni bonde la Okavango katika Botswana, kusini mwa Afrika. Huko Botswana wako pia Walutheri wenzetu, kwa maana wamisionari wa Hermannsburg walifika kwa Wakwena tangu mwaka 1857.

1. Mto usiofika baharini

Katika vilima vya Angola, penye mvua nyingi, huanza mito miwili, Cubango na Cuito. Hukutana mpakani mwa Namibia, na kutoka hapo ni mto mmoja, ambao hukata kipande chembamba cha Namibia na kuingia Botswana. Mito mingi huitafuta bahari, lakini huu hulielekea jangwa la Kalahari. Ukiisha kufika penye uwanda ulio karibu sawasawa kama meza, huyatandaza maji yake kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Hapo yamekuwa mafunjo na matete, mabwawa, visiwa na vijito visivyohesabika. Nchi ya namna hii huitwa siku hizi ardhioevu. Maji karibu yote huishia pale pale: mengine hunywewa na mimea, mengine hupandishwa hewani na jua, na kama sehemu mbili tu katika mia hutoka upande wa kusini.

Tena majira yake ni ya ajabu. Mvua za Angola hunyesha tangu Novemba hata Aprili, lakini maji huenda polepole mno, kwa kuwa mteremko ni mdogo na majani ni mengi. Hupita miezi bondeni kabla ya kuufikia mji wa Maun, ulio mwisho wa bonde, katika Juni au Julai. Wakati huo ni kipupwe. Mvua za mahali pale zimekwisha zamani, na nchi pande zote imekauka. Ndipo maji yanapokuja. Tembo na nyati huyafuata kutoka mbali, na simba na mbwa mwitu huwafuata wao. Asomaye Zaburi 104 habari za chemchemi apewazo kila mnyama wa kondeni aweza kuliona jambo hilo kwa macho yake huko Okavango.

Hata viumbe wenyewe wamepewa kazi katika nyumba hii. Mchwa hujenga kichuguu, nacho husimama juu ya maji. Ndege hutua juu yake na kuangusha mbegu. Miti huota, na pakawa kisiwa. Mizizi ya miti ile huyanywa maji na kuiacha chumvi katika udongo wa katikati ya kisiwa. Hivyo chumvi hufungwa mahali pamoja, na maji ya vijito hubaki matamu. Kiboko naye, apitapo usiku kwenda malishoni, huifungua njia katika matete, nayo maji huifuata njia yake. Ukimwondoa mchwa au kiboko, umeondoa nguzo ya nyumba.

2. Watu walioweka mpaka

Bonde hili lina wenyewe. Wayei walikuja zamani kutoka upande wa mto Zambezi pamoja na mitumbwi yao iitwayo mokoro, isukumwayo kwa upondo katika maji machache. Wabugakhwe walikuwa wawindaji na wavuvi wa mahali hapo. Utawala ulikuwa wa Watawana.

Wakati wa ukoloni wawindaji wenye bunduki waliingia kwa wingi, na wanyama wakapungua machoni pa watu. Hapo Watawana wakafanya shauri. Chifu wao Moremi wa Tatu alikuwa amefariki, na mjane wake, Bibi Elizabeth Pulane Moremi, ndiye aliyeshika utawala. Mwaka 1963, miaka mitatu kabla ya Botswana kupata uhuru, watu wale pamoja naye walitenga sehemu ya nchi yao wenyewe iwe hifadhi ya wanyama, nayo ikaitwa Moremi. Baadaye kiliongezwa Kisiwa cha Chifu, kilichokuwa mahali pa kuwindia pa wakubwa. Angalieni neno hili: wenye nchi ndio waliokata shauri, na wakubwa wakaachilia haki yao.

Lakini tusisimulie nusu ya habari. Wabugakhwe waliokuwa wakikaa ndani ya mpaka ule waliondolewa, na kijiji chao leo ni Khwai, ng'ambo ya mto, nje ya hifadhi. Mama ya ndege alipata mahali pa kukaa, na jirani akapoteza mahali pake. Mtu aweza kutenda jambo jema kwa viumbe vya Mungu, na papo hapo akamsahau binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Wakristo yatupasa kuyaona yote mawili.

3. Wageni wajao kutazama

Siku hizi bonde hilo huishi sana kwa wageni waitwao watalii. Huja kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko, si kwa kuua bali kwa kutazama. Botswana imechagua njia yake: wageni wawe wachache, nao walipe sana, ili nchi isikanyagwe na wengi. Wageni huketi katika mtumbwi, na mwenyeji husimama nyuma akisukuma kwa upondo. Hupita kimya katikati ya matete, humwona korongo, nzohe na kiboko, kisha hurudi kambini. Mgeni amechukua picha, na mama amebaki kiotani. Zamani kila mtumbwi ulichongwa katika gogo la mti mkubwa. Sasa mingi ni ya faibaglasi, na miti ile mikubwa imeachwa isimame.

Viko vijiji, kama Sankuyo na Khwai, vilivyounda jumuiya zao na kupewa haki ya kusimamia vipande vya nchi. Fedha za wageni huingia katika mfuko wa kijiji, na vijana hupata kazi. Hili ni jema, nasi twalisifu.

Hata hivyo mambo matatu yatuzuia tusisifu kupita kiasi. Kwanza, wachunguzi wa nchi ile wenyewe wameandika ya kuwa kambi nyingi kubwa ni za wageni, na sehemu kubwa ya fedha hutoka nje ya nchi. Pili, Botswana ina tembo yapata 130,000, wengi kuliko nchi nyingine yo yote. Tembo apendezaye katika picha ya mgeni ndiye huyohuyo alaye mtama wa mjane usiku mmoja. Tatu, riziki ya wageni haina uhakika. Mwaka 2014 uwindaji wa kulipia ulikatazwa, na vijiji vingine vikapoteza nyama na mapato. Mwaka 2019 ukaruhusiwa tena. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mipaka, na mitumbwi ikakaa bila abiria. Kijiji kitegemeacho wageni peke yao ni kama nyumba yenye nguzo moja.

Hapa ndipo lifaapo somo la pili, Kumbukumbu la Torati 25:4. Ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 9:9–10, ametufundisha ya kuwa neno hili lahusu hasa watu wafanyao kazi. Basi yeye akaaye na tembo, apotezaye shamba lake, alindaye mto usiku na mchana, ndiye apuraye nafaka. Akiyaona magari ya wageni yakipita, naye hapati kitu, kinywa chake kimefungwa. Mtu wa namna hiyo, akija mwindaji haramu mwenye fedha mkononi, atamwonyesha njia. Tangu mwaka 2001 faru walirudishwa Moremi kwa gharama kubwa, lakini katika miaka iliyofuata majangili wakawaua wengi. Askari peke yao hawawezi kuzuia jambo hilo. Jirani aliyetendewa haki ni mlinzi bora kuliko ukuta.

4. Yeye aliye juu ya mto

Somo la tatu ni Ezekieli 34:18. Bwana awakemea kondoo wanene waliokunywa maji safi, kisha wakayachafua kwa miguu yao yale yaliyosalia, hata wenzao wakanywa matope. Neno hili ni la kila mtu akaaye juu ya mto.

Angola ilikuwa na vita tangu 1975 hata 2002. Mabomu yaliyofukiwa ardhini yaliwazuia watu kukaribia vyanzo vya mito, na maji yakashuka bila kuguswa. Sasa iko amani, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini watu wa Angola nao wana watoto. Wana haki ya kulima, kunywa na kupata umeme. Wakijenga mabwawa makubwa, au wakimwagilia mashamba mapana, au dawa za mashamba zikishuka mtoni, bonde la chini litajua habari. Mwaka 2021 visima vya kutafuta mafuta vilichimbwa katika upande wa Namibia, na watu wengi wakaingiwa na hofu kwa ajili ya maji. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika Okavango kuwa mahali pa 1000 katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini jina kubwa haliteremshi maji yaliyokatwa juu. Kwa hiyo nchi tatu, Angola, Namibia na Botswana, ziliunda baraza moja la mto mwaka 1994, ziketi na kusemezana. Ni kazi ya polepole, ila hapana njia nyingine kwa majirani wanywao kikombe kimoja.

5. Nasi je?

Msomaji wa Tanzania asidhani ya kuwa habari hii ni ya wengine tu. Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar huko Iran, mataifa yalifanya mapatano ya kulinda nchi za maji. Katika orodha ya mapatano hayo imo Malagarasi-Muyovozi tangu 2000, na bonde la Kilombero tangu 2002. Maji ya Kilombero huingia Rufiji na kwenda zake baharini. Mkulima wa mpunga, mvuvi, mchungaji wa ng'ombe na mnyama aitwaye sheshe, wote hulitazamia bonde hilohilo.

Basi mambo ya Okavango yanatuuliza sisi. Avuaye kwa wavu wa matundu madogo amechukua makinda pamoja na mama. Alimaye hata ukingo wa mto, au kuchoma matete yote kwa moto mmoja, ameibomoa nyumba ya samaki atakaowatafuta mwakani. Aliye juu, akizuia mfereji wote kwa shamba lake, amemnywesha matope aliye chini. Na yeye anayesema kwamba alinda wanyama, lakini hamsikilizi jirani aliyelia kwa ajili ya shamba lake, amefunga kinywa cha ng'ombe.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoieleza Amri ya Saba, hatosheki kutuonya tusiichukue mali ya jirani. Atufundisha pia kumsaidia ili mali yake na riziki yake vihifadhiwe na kusitawi. Jirani huyo ni nani katika bonde la mto? Ni yeye aliye chini yangu, na ni mtoto ambaye hajazaliwa bado. Tukila mama ya ndege leo, tumewaibia wote wawili, ijapokuwa hakuna hakimu atakayetuita. Bwana wa mto atatuita, naye atatuambia kama yule tajiri alivyomwambia wakili wake katika Luka 16: toa hesabu.

Maswali ya kuzungumza katika darasa na mikutano ya nyumbani

1. Kwa nini Mungu alimruhusu mtu kuchukua makinda, lakini akamkataza kumchukua mama? Tajeni “mama ya ndege” wa mahali penu: msitu, chemchemi, au mazalio ya samaki.

2. Watawana walitenga nchi yao kwa shauri lao wenyewe, lakini Wabugakhwe walihamishwa. Je, shauri la namna hiyo lingefanywaje ili pasiwe na jirani aliyesahauliwa?

3. Ni nani katika kijiji chetu apuraye nafaka, naye kinywa chake kimefungwa? Usharika waweza kumfanyia nini?

4. Maji yetu yatoka kwa nani, nayo yaenda kwa nani? Tumewahi kuketi pamoja nao?

Mwalimu asiharakishe swali la nne. Yafaa apange siku moja, awachukue wazee wa usharika, waende kwa miguu kukifuata kijito cha mahali pao mpaka kwa jirani wa chini, wamsalimu, wamwulize maji yanamfikiaje, kisha waombe pamoja naye.