Mti wa Mtoto wa Chekechea ni Kazi ya Nani?

Mtoto wa miaka minne hawezi kujitolea peke yake. Neno hili laonekana dogo, lakini wengi wamelisahau, na kwa sababu ya kulisahau miche mingi imekauka. Mwalimu wa chekechea awaambia watoto wake, "Kesho kila mmoja alete mche." Mtoto afika nyumbani na habari hiyo kwa furaha kubwa. Basi, ni nani atakayeutafuta huo mche? Ni nani atakayechimba shimo? Ni nani atakayepunguza ndoo ya maji yaliyotekwa kwa ajili ya kupikia? Si mtoto. Amwitaye mtoto wa umri huo kufanya kazi amekwisha kuwaita baba na mama, hata kama hakuwaambia.

Wazazi wapendwa, somo letu la leo lahusu jambo hilo: jinsi familia zenye watoto ambao hawajafika darasa la kwanza ziwezavyo kushiriki kazi za kujitolea, na kuwafundisha watoto kuijua miti, ndege na wadudu wa mahali pao wenyewe. Tumelichagua kwa sababu shule za watoto wadogo zimekuwa jambo la kila mahali. Katika Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika utaratibu rasmi wa shule, na sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Maana yake ni kwamba siku hizi familia nyingi hukutana mlangoni pa shule kila asubuhi. Hapo pana nguvu kubwa ya watu, kama itatumiwa kwa akili.

Shauri la kumpa mtoto mdogo udongo mikononi si geni. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837, alimpa kila mtoto kijishamba chake. Na jina alilolibuni mwaka 1840 kwa ajili ya shule ya namna hiyo, maana yake ni bustani ya watoto. Maria Montessori, daktari wa Italia, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma tarehe 6 Januari 1907, naye alitaka watoto watunze mimea na wanyama. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mfano ulio bora zaidi tunao hapa kwetu, tena haukuanzia shuleni.

Mwaka 1940, katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri nchini Kenya, alizaliwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengi wajua habari za tuzo. Wachache wajua habari za mama yake. Mama huyo alimkatia binti yake kipande kidogo cha shamba, kidogo kabisa, apande apendavyo. Mtoto alipanda mbegu. Na kama ilivyo desturi ya watoto wote, alizifukua ili aone kama zimeota. Mama hakumpiga wala hakumcheka. Alimfahamisha tu kwamba mbegu iliyofunikwa haina budi kuachwa ifanye kazi yake yenyewe. Tena alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao Wakikuyu waliuheshimu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito. Mtoto alikwenda kuteka maji, akakaa kati ya majani ya majimbi, ambayo Wakenya wengi huyaita nduma, akijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Kila alipoyashika yakakatika. Baadaye akakuta maji yamejaa viluwiluwi.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, aliposimama mbele ya wakubwa wa dunia kupokea tuzo yake, alikisimulia kijito kile, akaeleza kwamba kimekauka. Tazameni! Mtu aliyesoma hata kupata shahada ya udaktari wa elimu, aliyepambana na serikali na kutiwa kizuizini, asema habari za mayai ya chura. Jambo alilolijua kabla ya kujua kusoma ndilo lililomwonyesha kitu gani kimepotea. Mtoto ambaye hakupata kukijua kijito hawezi kuona kwamba kimekauka; kwake yeye ni korongo tu, kama makorongo mengine.

Sasa tusikilize sehemu ya pili ya habari hizi, maana ina mafundisho makali zaidi. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Wanawake wa Kenya walikwenda kwa maandamano mpaka uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya watu saba mashuhuri. Palikuwa na hotuba, palikuwa na wageni. Katika ile miti saba, mitano ilikufa. Hakika, mwanzo wa chama kilichosifiwa ulimwenguni kote ulikuwa wa namna hiyo. Baadaye kazi ilihamia vijijini, wanawake wakaotesha miche wenyewe kwa mbegu za mahali pao, wakaipanda karibu na mashamba yao, wakapewa senti chache kwa kila mti ulioshika, wala si kwa kila mti uliopandwa. Kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa ilipita milioni 30. Tofauti kati ya miti saba na milioni thelathini haikuwa wingi wa hotuba. Mti ulipata mtu aupitiaye kila siku akienda shambani.

Turudi basi kwenye shule zetu. Tumewahi kuona uwanja wa shule moja ya watoto wadogo ambao ulikuwa na safu nzuri ya miche, kila mmoja na kibao chenye jina la mtoto. Mwezi wa Agosti vibao vilikuwa vimesimama, na miche haikuwapo. Mtoto wa miaka mitano asimama mbele ya kijiti kikavu chenye jina lake. Wakubwa walipiga picha siku ya kupanda, wakaenda zao. Mtoto huyo amejifunza nini? Amejifunza kwamba kupanda mti ni sherehe, na kwamba ahadi ya wakubwa hudumu siku moja. Afadhali asingepanda.

Sababu yake si ubaya wa mtu. Shule hufungwa mwezi wa Juni, na katika sehemu nyingi za nchi huo ndio mwanzo wa kiangazi. Mwalimu kaenda kwao, watoto wako nyumbani, bomba limefungwa kwa kufuli. Mche uliopandwa mwezi wa Aprili waachwa bila maji wakati uleule unapoyahitaji kuliko wakati wote. Ndiyo sababu twasema: kabla ya kuuliza ni miche mingapi itapandwa, sharti iulizwe ni familia zipi zitakazotia maji siku za likizo. Kama familia zilizo tayari ni tatu, ipandwe miche mitatu. Afadhali mitatu ikue.

Na hapa yatupasa kusema wazi jambo ambalo wengi hulinyamazia. Mara nyingi neno "wazazi wajitolee" maana yake ni "akina mama wajitolee". Mama ndiye ateka maji, apika, aenda shambani au sokoni, naye ndiye atakayeambiwa na mtoto, "Mama, mti wangu una kiu." Kama ndoo ya maji yatoka mbali, kumwomba mama huyo lita tano za mti si kufundisha upendo wa maumbile, bali ni kumwongezea mzigo kichwani mtu aliyekwisha kulemewa. Kazi ya jembe, ya kubeba samadi, ya kujenga uzio wa miiba ili mbuzi wasile mche, ni kazi inayowafaa akina baba sana. Wapare na Wachaga wana msaragambo wao, ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kazi kwa ajili ya barabara au mfereji. Hakuna sababu ya baba kujiona amepungukiwa heshima akichimba mashimo mawili nyuma ya chekechea siku ya Jumamosi, mwanawe akimshikia kopo. Tena mtoto atalikumbuka shimo hilo kuliko zawadi ya nguo.

Kwa habari ya maji, iko njia isiyomwibia mama hata kikombe. Shule nyingi zina kibuyu chirizi, yaani dumu lililotobolewa ambalo watoto hulikanyagia kamba na kunawa mikono. Maji yale humwagika bure na kufanya tope. Kibuyu hicho kikiwekwa ili maji yachirizike kwenye shina la mti, watoto thelathini wakinawa kabla ya uji na baada ya choo, mti umepata maji yake. Ila angalieni: mpapai haupendi kusimama majini, mizizi yake huoza. Kijimfereji kidogo cha kuyapeleka maji leo huku kesho kule chatosha, na watoto watapigania kazi ya kukifungua.

Tumeutaja mpapai kwa makusudi. Wapo wanaotaka watoto wapande mninga au mvule, miti ya heshima kubwa, na nia yao ni njema. Lakini mtoto wa miaka minne hana habari za miaka arobaini. Kwake yeye mwezi mmoja ni mrefu kama utawala wa mfalme. Yampasa aanze na kitu kinachokwenda mwendo wake. Kunde zikipandwa katika kopo huchomoza kabla ya wiki kwisha. Hapo ataweza kuzifukua moja mbili aone, na nyingine ziachwe. Mpapai katika nchi za joto huzaa kwa muda wa mwaka mmoja au kuzidi kidogo, hata mtoto aliyeupanda aweza kula tunda lake kabla hajaiacha chekechea. Katika nyanda za baridi huchelewa. Mvule upandwe na familia nzima, lakini jina la mtoto lisiandikwe juu yake kama kwamba ndiye atakayeutunza.

Kujua maumbile, hata hivyo, si kupanda tu. Watoto wetu wengi wamjua simba wa kitabuni, na hawajui jina la mti ulio mlangoni pao. Nani atawafundisha? Wako walimu wasiolipwa mshahara, nao ni babu na bibi. Mzee anayeketi barazani tangu asubuhi aweza kuombwa aje chekechea saa moja tu kwa wiki, atembee na watoto mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, awaambie hili ni jani la nini, ndege yule anaitwaje kwa lugha ya nyumbani, kiwavi huyu atageuka kuwa nini. Mnana anasuka kiota chake mbele ya macho ya watu wote, wala hadai kiingilio. Kwa mzee mwenyewe huku nako ni kujitolea kwa kweli, tena kwa aina inayompa heshima yake badala ya kumchosha. Twashangaa kwamba shule nyingi hutafuta picha za kununua na kumwacha mzee barazani.

Tahadhari mbili tatu hazina budi kutajwa. Mtoto mdogo asitumwe kuokota takataka kwa mikono mitupu, maana katika takataka za siku hizi mna vigae vya chupa, nyembe na hata sindano. Kazi hiyo ni ya wakubwa. Mtoto aokote majani makavu ya kuwekea mche. Wala tusidanganyike kwa utamu wa kisa cha kijito. Palipo na kichocho, hasa kandokando ya Ziwa Victoria na penye mabwawa na mifereji ya mpunga, mtoto asiingie majini kutafuta viluwiluwi. Mkubwa ayateke maji yenye viluwiluwi kwa kopo, aepuke kuyagusa, ayamimine katika chupa nyeupe na kuifunga kwa kitambaa. Watoto watazame siku chache miguu ikitokea, kisha mkubwa yuleyule awarudishe walikotoka.

Jambo jingine: mche ukifa, mzazi asiubadilishe kwa siri usiku ili mtoto asilie. Wako wafanyao hivyo kwa huruma. Mtoto aonyeshwe mche uliokufa, aulizwe una nini, na ajibiwe ukweli, kama ni mbuzi au ni kiu. Mpapai una somo lake pia katika habari hizi: mingine ni midume, hutoa maua tu wala haizai. Ndiyo sababu wakulima hutia mbegu tatu au nne katika shimo moja, wakangoja maua, wakabakiza mjike, na dume mmoja mmoja kwa ajili ya uchavushaji. Watoto waelezwe mapema kwamba mingine itang'olewa, wasije wakadhani wameonewa.

Kuanza hakuhitaji fedha. Papai moja lililoiva lina mbegu za kutosha shule nzima. Zitolewe, zisuguliwe kwa majivu mpaka ule utando wenye utelezi utoke, zioshwe, zianikwe kivulini. Zikipandwa katika makopo yaliyotobolewa chini huota baada ya wiki mbili hadi nne, na miche ikifikia urefu wa kiganja huhamishwa mvua zikiwa zimeshika. Palipo na vuli, mbegu zitiwe makoponi mwezi wa Septemba. Palipo na msimu mmoja tu wa mvua, mwezi wa Oktoba. Na kabla ya shule kufungwa mwezi wa Desemba, orodha ya zamu za maji iwe imekwisha kubandikwa mlangoni, nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba liandikwe jina la baba pia.