Waimbaji Wazee na Vyombo Vyao

Katika 1 Nya. 25 twasoma habari za waimbaji wa nyumba ya Bwana siku za mfalme Daudi. Hesabu yao ilikuwa watu 288, nao walipangiwa zamu kwa kura, wala mzee hakutengwa na kijana, wala aliyefundisha na aliyefundishwa. Tena katika Hes. 8 twaona ya kuwa Mlawi akitimiza miaka 50 alipumzishwa kazi nzito, lakini alibaki hemani kuwasaidia ndugu zake. Wengi wetu twashika nusu ya kwanza ya agizo hilo na kuisahau ya pili.

Twatoa mfano wa mji wa Dar es Salaam, nao si wa kanisani. Pengine mwalimu mmoja atauliza, Wapigaji wa dansi watuhusu nini? Asome Luka 16, aone jinsi Bwana wetu alivyotoa fundisho kwa wakili asiye mwaminifu.

Katika kumbi za Kariakoo na Mnazi Mmoja dansi lilichezwa miaka mingi, na wapigaji wake walijulikana mji mzima. Lakini mara nyingi gitaa au saksafoni haikuwa mali ya mpigaji, ilikuwa mali ya chama au ya mwenye bendi. Basi mtu alipoondoka katika bendi, alitoka mikono mitupu. Nyimbo zake ziliendelea kusikika redioni na katika kanda zilizouzwa barabarani, naye mwenyewe akikaa nyumbani kimya. Watu wakadhani uzee umemnyamazisha.

Mwaka 1993 baadhi ya wazee hao walikusanyika wakaanzisha bendi, nalo shirika la HelpAge International, lisaidialo wazee, likawasaidia kupata vyombo. Wakaiita Shikamoo Jazz, na jina lenyewe lamtaka kijana atoe heshima kwanza. Miongoni mwao alikuwa mzee Salum Zahoro, aliyejulikana tangu zamani kwa bendi ya Kiko Kids ya Tabora. Nyimbo zao zikarekodiwa upya, na mwaka 1995 walivuka bahari wakapiga Uingereza, pamoja na mzee Fundi Konde wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924. Angalieni neno hili: hakuna aliyewafundisha kupiga. Walipewa vyombo tu.

Turudi sasa kwa kwaya zetu. Vinanda vya umeme na vipaza sauti vimeletwa, navyo ni vyema. Lakini yule mama aliyeimba sauti ya pili miaka 30 ameketi benchi la nyuma, na mzee wa tarumbeta haitwi hata kwa mazishi. Kweli, aliyepotewa na meno hawezi tena kuipuliza vema. Hata hivyo sikio lake lingali zima, naye hutambua upesi kuliko sisi sote mahali sauti ya nne inapopotoka.

Walimu wasomapo somo hili pamoja na watu wawaulize: Katika mtaa wetu, ni nani aliyekuwa akiimba na sasa haimbi? Aliacha mwenyewe, au aliachwa? Ni nani ashikaye ufunguo wa kabati la vyombo? Na jumapili ijayo, ni nani atakayekwenda nyumbani kwa mzee huyo, ampigie hodi?